Tofauti ya Mia Nne na Hamsini

Kabla ya hesabu nilikuwa na saa.
Miaka kumi na tisa, wodi ya watoto wachanga, Nakuru,
zamu ya usiku, kalamu ya bluu kifuani:
kuzaliwa, saa tisa na dakika nne;
kufa, saa kumi na moja alfajiri, na dirishani
Menengai ikijifunika ukungu
kama mtu asiyetaka kuulizwa.

Sikulia kazini. Nililia dukani,
mbele ya rafu ya sabuni, mwezi wa tano,
na hadi leo sijui kwa nini sabuni.
Mikono ilitetemeka nikashindwa kufunga vifungo
vya sare ya binti yangu, Wambeti.
Akavifunga mwenyewe. Alikuwa darasa la tatu.

“Huna wazimu,” Daktari Cherotich aliniambia,
“umechoka pahali ambapo usingizi haufiki.”
Maneno hayo niliyalipia kwa awamu.

Basi, na miaka yangu arobaini na minne,
nikaketi darasani, orofa ya pili, juu ya duka la matairi,
kati ya vijana wanaotafuna chingamu.
Waliniita Mathe.
Kigen, mdogo kuliko kitambulisho changu,
alinifundisha leja kwa vizibo vya soda:
kinachoingia kushoto, kinachotoka kulia,
na hakuna kitu, Mathe, kinachoandikwa mara moja tu.

Hilo nililijua.
Kila nilichokiona usiku kiliandikwa mara mbili,
kwenye rejista, na pahali pengine.

Dada yangu Muringo alicheka kwenye simu:
nesi wa serikali, mwenye pensheni,
unaenda kuhesabu pesa za watu?
Mama hakucheka.
Aliuliza kama huko nako kuna zamu ya usiku.

Nilipenda neno uchakavu.
Mtambo hupungua thamani kila mwaka
na hakuna anayeulaumu;
unaandika tu, kwa upole, kiasi kilichokwenda,
na mtambo unaendelea kupoza maziwa.

Mtihani wa kodi nilianguka. Mara mbili.
Mara ya pili mtetemo ulirudi, ukabisha hodi
kama mgeni anayejua njia ya jikoni.
Nimejifunza kumfungulia,
kumpa kiti,
kutompa kitanda.

Sasa niko ushirika wa maziwa, barabara ya Njoro.
Mikebe inagongana tangu saa kumi na mbili.
Ijumaa iliyopita, mwisho wa mwezi, urari ulikataa:
pengo la shilingi mia nne na hamsini,
dogo, kama la jino la mtoto.
Meneja, Bwana Omukoko, akasema tukeshe tulitafute.

Tukeshe.
Nikalisikia neno hilo likija koridoni
kwa viatu vya raba.

Nikasema, la.
Nikaliweka pengo kwenye akaunti ya kusubiri,
iliyobuniwa na mtu fulani, Mungu amweke pema,
aliyejua kwamba lisilojulikana leo
laweza kupewa jina na mstari wake
na kuachwa.
Nikazima kompyuta saa kumi na moja.
Tukapika njegere na viazi, mimi na Wambeti,
ambaye siku hizi ananipita kimo.
Saa nne nikalala.
Nikalala. Narudia,
kwa kuwa si jambo la kuandikwa mara moja.

Jumatatu nililipata kabla ya chai:
mia mbili sabini iliyosomwa mia saba ishirini,
risiti ya Mzee Tanui, lita sita,
tarakimu mbili zilizobadilishana viti.
Hakuna aliyekufa.
Sikufuta. Nilikata kwa mstari mmoja,
kama tulivyofunzwa wodini,
nikaandika juu yake, nikatia sahihi.

Omukoko akatazama, akasonya kidogo:
“Ungeweza kuipata Ijumaa.”

Ningeweza.